Mwamuzi Aliyefumba Macho

Baba mdogo ni mkaguzi wa mizani. Asubuhi anatoka na sanduku la mbao lenye vishimo vilivyotandikwa kitambaa laini, na katika kila kishimo limelala jiwe la shaba: la kilo mbili, la kilo moja, la nusu, la robo, mpaka lile dogo kama kifungo cha shati, na haruhusu mtu aguse hata moja kwa mkono mtupu, kwa sababu, anasema, jasho nalo lina uzito. Anaingia dukani, anasalimia, anaweka jiwe kwenye mizani ya mwenye duka, anainama mpaka pua inakaribia kugusa mshale, anasoma. Mizani ikisema kweli, anaigonga muhuri. Ikisema uongo, anaifunga kwa waya mwekundu, na hapo hata ulie machozi ya damu huifungui.

Ndiyo maana sokoni wanamwita Kilo Kamili. Aliwahi kuifunga mizani ya dada yake mwenyewe, shangazi yangu, anayeuza nafaka, na jioni akaenda kula kwake kama vile hakuna lililotokea. Shangazi akampakulia, lakini akakipima chakula kwanza, mbele yake. Mizani ile hakuitupa. Alinunua nyingine, na ile ya zamani akaisukuma uvunguni na waya wake mwekundu, akisema iko siku.

Baba mdogo hana gari, hana shamba, na nywele zenyewe zimeanza kumkimbia. Alichonacho ni neno lake. Akisema kitu kina uzito fulani, watu hawarudii kupima. Hilo nalijua sana kwa sababu ninaishi kwao tangu nianze sekondari, na haijapita wiki bila kukumbushwa.

Jumatatu mpaka Ijumaa ni mizani. Jumamosi ni raga, maana yeye ni mwamuzi wa ligi ya mtaa. Jumapili ni shemasi kanisani. Hizo ndizo siku zake saba, na katika zote saba anaomba. Anaomba kabla ya kula mpaka chakula kinaota ngozi. Anaomba kabla ya kufungua barua. Nilimuuliza siku moja kama Mungu hachoki, akanitazama kama mizani iliyopungua gramu.

Mama mdogo naye anaomba, ila macho wazi.

"Fumba macho," baba mdogo humwambia.

"Nikifumba mimi, chungu atakiangalia nani?"

"Mungu."

"Wiki iliyopita alikiangalia, kikaungua."

Sasa hii tabia ya kufumba macho ameihamishia uwanjani. Kwa asiyejua raga, skramu ni pale wachezaji wanane wa huku na wanane wa kule wanapoinama, wanaunganisha mabega na vichwa, wanasukumana kama ng'ombe waliokutana kwenye mlango mmoja. Baba mdogo, kabla hajawaruhusu kusukumana, hufumba macho kidogo, midomo ikacheza, ndipo anawaachia. Anawaombea shingo. Miaka mingi nyuma, kwenye mchezo wake wa tatu akiwa mwamuzi, skramu iliporomoka na kijana mmoja hakuinuka tena kwa miguu yake. Hilo silicheki. Ninachocheka ni kwamba kila timu katika ligi inajua kuwa mwamuzi akifumba macho una muda wa kutosha kuiba nusu hatua, na wanaiba wote, na yeye akifumbua anakuta skramu imehama, anadhani ni upepo.

Kanisa letu lina timu. Mchungaji aliianzisha ili kuwatoa vijana vijiweni, na badala ya namba migongoni akawabandika majina ya vitabu vya Biblia. Kwa hiyo ukienda uwanjani unamsikia baba mdogo, bila hata kutabasamu, akisema, "Walawi, acha ngumi," au, "Maombolezo, inuka, hujaumia." Mwaka huu timu ilifika fainali, dhidi ya timu ya kiwanda cha mikate, ambao wana namba za kawaida na mikono ya kukanda unga.

Watu walidhani watu wa mikate watamkataa mwamuzi, maana ni shemasi wa kanisa lilelile wanalocheza nalo. Na si shemasi tu. Wiki mbili kabla, Mchungaji alikuwa ametangaza kuwa Jumapili itakayofuata fainali Kilo Kamili atasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Baba mdogo alishaijaribu suti mara tatu mbele ya kioo cha kabati, na mara ya tatu alijifunza kukaa nayo.

Lakini nahodha wa mikate, jamaa mrefu wanayemwita Tanuri, alisema neno moja tu: "Huyo alimfungia dada yake mizani. Tunamtaka huyohuyo."

Nilimwona baba mdogo alipoletewa maneno hayo. Alivimba kama andazi kwenye mafuta.

Siku ya fainali mimi na mama mdogo tulisimama nyuma ya goli, kwenye kivuli cha tangi la maji. Zilipobaki dakika mbili, mikate walikuwa na alama kumi na mbili na kanisa kumi. Kanisa walikuwa wakisukuma kuelekea upande wetu. Trai ni alama tano, na ili uipate lazima uugusishe mpira chini, nyuma ya mstari. Chini kabisa. Si karibu na chini.

Ufunuo, kijana mnene kuliko wote wa kanisa, alibeba mpira akaangukia mbele yetu kabisa, hatua kama nne kutoka viatu vyangu, na watu kumi wakamwangukia. Likawa rundo. Baba mdogo akaja mbio, akapiga goti pembeni ya rundo, kama inavyotakiwa, ili achungulie mpira uko wapi.

Mimi niliuona. Ulikuwa umelala juu ya mkono wa Tanuri, mkono mzima kuanzia kiwiko, kama mtoto aliyelazwa kwenye mto. Chini ya mkono kulikuwa na nyasi. Mpira na nyasi havikujuana.

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa amefumba macho, na midomo ilikuwa inakwenda mbio.

"Huyo amefumba," mama mdogo akasema.

"Nimeona."

"Sikukuuliza."

Baba mdogo akafumbua macho, akapuliza kipenga, akanyoosha mkono juu. Trai. Kumi na tano kwa kumi na mbili. Kanisa zima likamwagika uwanjani, Mchungaji mbele yao akikimbia na viatu vyake vya ngozi, na kwaya ikaanza wimbo ambao hawakuwa wamekubaliana, kila mtu na wake.

Kwenye ligi yetu kuna desturi. Mwamuzi habishiwi. Lakini nahodha aliyeshindwa, kabla hajasaini karatasi ya mchezo, ana haki ya swali moja, na mwamuzi analijibu kwa neno lake. Mara nyingi nahodha haulizi kitu, anasaini anaenda kuoga. Tanuri alikuja ana nyasi masikioni, akaishika ile karatasi.

"Bwana mwamuzi, swali langu. Uliuona mpira chini?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mtoto wa chekechea angelijibu. Baba mdogo akafuta kipenga chake kwa leso, upande mmoja, upande wa pili.

"Jumatatu asubuhi nakuja kiwandani kukagua mizani yenu," akasema. "Nitakujibu."

"Jumatatu?"

"Asubuhi."

Tanuri akaikunja karatasi bila kusaini, akaiweka ndani ya soksi. "Mimi nipo," akasema. "Mikate haina likizo."

Jioni ile tulikula mapema. Baba mdogo aliomba kabla ya kula, kwa ufupi wa ajabu, chakula kikawa bado kinatoa mvuke. Mama mdogo alingoja mpaka mumewe alipotia tonge mdomoni.

"Pale kwenye rundo, uliomba nini?"

Akatafuna. Akatafuna tena kitu ambacho kilishalainika zamani. "Kama kawaida."

"Kawaida unaomba shingo. Sala ya shingo naijua, ni maneno sita. Leo ulikuwa unasoma risala."

"Mama, Mungu akitaka jambo liwe, linakuwa."

"Na kipenga alipuliza Mungu?"

Baba mdogo akaomba maji. Mimi nikayaleta, na nikakaa karibu zaidi niliporudi, maana nilitaka kusikia. Lakini alichosema ni kwamba kesho asubuhi suti ipigwe pasi. Mama mdogo akamwambia pasi anaijua ilipo. Basi akaipiga mwenyewe, na nikiwa naandika kazi ya shule nilimwona amesimama na pasi hewani muda mrefu, kama mtu aliyesahau kuwa inaunguza.

Jumapili kombe lilikuwa limewekwa mezani mbele, kando ya maua, limefungwa utepe. Mchungaji alihubiri saa nzima juu ya lile rundo. Hakuwa karibu na rundo, alikuwa upande wa pili wa uwanja akigombana na muuza maji, lakini alilieleza kama mtu aliyelala ndani yake. Alisema malaika walisukuma. Alisema Ufunuo alisikia mkono mgongoni. Ufunuo, aliyekaa kiti cha mbele, akaitikia kwa kichwa, ingawa mikono aliyoisikia mgongoni ilikuwa ishirini na yote nilihesabu mimi.

Halafu Mchungaji akamwita baba mdogo aje atoe ushuhuda kabla ya kusimikwa.

Baba mdogo akaenda mbele, suti imemkaa vizuri, nasema ukweli. Akapewa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili. Nikamwona anamtafuta mama mdogo kwa macho, na mama mdogo hakumsaidia, alimtazama tu kama unavyotazama maji ya chai kuona kama yatachemka.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ule mpira sikuuona. Nilikuwa nimefumba macho."

Nakiri hapo nilimpenda. Nilijisemea, kumbe Kilo Kamili ni Kilo Kamili, amefanya, amelisema.

Kisha mama mmoja wa kwaya akasema taratibu, "Haleluya."

"Mmesikia?" Mchungaji akadakia. "Hakuona, akaamini. Sisi tungetaka kuona. Yeye alifumba."

"Amina," likajibu kanisa.

"Sikilizeni," baba mdogo akasema, "namaanisha sikuona kabisa."

"Kabisa," akarudia Mchungaji, akifuta jicho.

"Amina."

"Huenda haikuwa trai."

Lakini hilo alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kupita kwenye msongamano, na mpiga kinanda alishaweka vidole. Wimbo ukapanda. Watu wakasimama. Nataka nieleweke: kipaza sauti alikuwa nacho mkononi, na kilikuwa kinafanya kazi, kwa sababu katikati ya wimbo nilimsikia anavyohema. Angeweza kusema tena. Angeweza kusema kwa sauti anayoitumia kumwambia Walawi aache ngumi. Dunia nzima inajua ana sauti hiyo.

Badala yake akapiga magoti ili awekewe mikono, akafumba macho. Hilo analiweza.

Njiani kurudi nyumbani alitembea katikati yetu, amebeba Biblia mpya ya wazee, yenye zipu.

"Nimesema ukweli mbele ya watu mia tatu," akasema. "Wasiponielewa, ni juu yao."

"Umesema mara tatu," mama mdogo akasema. "Muuza nyanya akikataa mizani yake ifungwe, huwa unamwambia mara ngapi?"

"Mpaka akubali."

"Ehe."

Mlangoni mama mdogo alimuuliza kama mzee wa kanisa anaweza kupita dukani kuchukua sabuni, au ni kazi ya mashemasi.

Kiwanda cha mikate kiko njia ya kwenda shuleni. Kina dirisha la kuuzia barabarani, na kila asubuhi ninapanga foleni hapo. Ukisimama dirishani unaona ndani kote: meza ndefu ya kukandia, matanuri mawili, na katikati mizani kubwa wanayopimia madonge ya unga kabla ya kuyaingiza kwenye makopo. Jumatatu ile nilikuwa mtu wa tatu kwenye foleni baba mdogo alipoingia kwa mlango wa pembeni na sanduku lake. Hakuniona, au aliniona.

Tanuri alikuwa na unga mpaka mabegani. "Shikamoo, mzee wa kanisa."

"Marahaba. Mizani iko wapi?"

"Palepale. Na swali langu nalo liko palepale." Karatasi ya mchezo alikuwa ameitundika kwenye msumari wa oda, kati ya oda ya hospitali na oda ya bweni.

Baba mdogo akafungua sanduku, akatoa jiwe la kilo mbili. "Jana nilisema kanisani."

"Najua. Mke wangu anaimba kwenye kwaya yenu. Anasema ulisema hukuuona."

"Basi umejibiwa."

"Mimi sikuiuliza kwaya."

Yule aliyekuwa anakanda akapunguza kukanda. Foleni nzima ikawa na masikio. Mama aliyekuwa mbele yangu alishapewa mkate wake, hakuondoka.

"Sikuuona," baba mdogo akasema. "Nilikuwa naomba."

"Shingo zetu?"

Nilikuwa sijui kama wachezaji wanajua. Kumbe wanajua wote. Tanuri aliuliza bila kejeli, kama mtu anayemnyooshea mwenzake mkono atoke shimoni. Angejibu ndiyo, ingeisha hapo. Nadhani Tanuri angesaini na kumpa mkate wa bure.

Baba mdogo akaligeuza lile jiwe mkononi. Hakuwa ametumia kitambaa. Alikuwa amelishika kwa mkono mtupu, wenye jasho, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine yeyote.

"La," akasema. "Si shingo."

"Uliomba nini?"

"Iwe trai."

Tanuri akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo uliomba," akasema, "halafu ukajijibu mwenyewe."

Hakucheka mtu. Ingekuwa nafuu wangecheka. Tanuri akachomoa karatasi kwenye msumari, akailaza juu ya meza yenye unga, akasaini.

"Unasaini?" baba mdogo akauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Nimeuliza, nimejibiwa. Desturi ndiyo hiyo. Kombe kaeni nalo, lina utepe mzuri. Sisi tuna mikate ya kuoka." Akamkabidhi karatasi. "Pima sasa."

Baba mdogo akaweka jiwe kwenye mizani, akainama, pua karibu na mshale.

"Iko sawa," akasema.

Miaka yote hiyo, Kilo Kamili akisema iko sawa, watu hugeuka wakaendelea na kazi. Tanuri hakugeuka. Alimwita mkandaji. "Hebu njoo usome na wewe." Mkandaji akaja, akainama, akasoma. Akaitwa pia yule wa makopo. Naye akasoma. Mizani ilikuwa sawa kabisa, na baba mdogo akaigonga muhuri, na mama aliyekuwa mbele yangu akasema, akiweka mkate kwapani, "Ni vizuri kuhakikisha. Siku hizi mambo mengine yanapitishwa kwa maombi."

Nilifika shuleni nimechelewa, na mkate umekuwa baridi.

Habari ya mkate na ya kwaya hazihitaji gari. Kufikia Alhamisi soko zima lilikuwa nazo. Kipenga baba mdogo alikirudisha mwenyewe kwa katibu wa ligi. Hajasema kwa nini na hatujamuuliza, angalau mimi bado. Kazi ya mizani anayo. Ila sasa akiinama kusoma, muuza nyanya anainama naye, na muuza samaki, na mteja, vichwa vinne juu ya mshale mmoja, kama skramu. Na amejizoeza kutopepesa. Anakodoa macho mpaka yanatoa machozi, watu wanamwonea huruma au wanajifanya.

Hata sala ya chakula siku hizi anaisali macho wazi. Mama mdogo anamwambia, "Fumba bwana, chungu nakiangalia mimi."

Jumamosi iliyopita, siku ambayo zamani angekuwa uwanjani, shangazi alikuja. Alikuwa amebeba kitu kwenye gunia. Akakiweka mezani, akalivua gunia: mizani yake ya zamani, vumbi la uvunguni, waya mwekundu umeshika kutu.

"Kaka," akasema, "siku ile unaifunga hii, ulikuwa umefumba au umefumbua?"

"Dada, nilisoma kwa macho yangu mawili. Ilikuwa inapunja gramu hamsini."

"Kwa neno la nani?"

Baba mdogo alileta sanduku, akaukata ule waya kwa koleo, akaipangusa mizani vumbi mpaka kwenye kona, akatoa jiwe la kilo moja kwa kitambaa, akaliweka. Mshale ukatikisika, ukatulia. Akainama.

"Gramu elfu moja na hamsini," akasema. "Kama nilivyosema siku ile. Inapunja."

Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi siku ile na alikuwa sahihi sasa. Shangazi hata hakuutazama mshale. Alinitazama mimi.

"Wewe, hebu soma."

Nikainama nikasoma. Elfu moja na hamsini. Nikasema hivyo, na shangazi akaguna, akalikunja gunia lake, akakubali. Aliniamini mimi, niliyepata thelathini na moja kwenye hesabu.